Paa la Tanuri Linaloning'inia

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mhandisi mstaafu wa matanuri, aliyoitoa shuleni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya kukutana tena.)



Napenda kwanza kumshukuru Ndugu Katibu kwa kunikaribisha kusema machache juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilipomwambia kwamba kazi hiyo ilikuwa kusanifu mapaa ya matanuri ya viwandani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kumbe tanuri nalo lina paa?" Lina paa, ndugu zangu. Paa hilo ndilo litakalokuwa hotuba yangu, pamoja na kosa moja nililolifanya juu yake, ambalo sijapata kulisimulia mbele ya watu wengi kama leo.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1970. Wakati ule Kishapu haikuwa wilaya. Tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Shinyanga, na wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa pamba. Utajiri tuliousikia ni wa Mwadui, ambako Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alivumbua almasi mwaka 1940. Kwa hiyo sisi watoto tulidhani kwamba mali huchimbwa tu, kisha ikauzwa. Sikujua bado kwamba madini mengi hayawi mali mpaka yapite motoni.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Kule Geita, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yalifika hadi Usukuma, yakalimia mashamba na kutolea mahari. Siku hizi ni dhahabu inayopita motoni. Kiwanda cha kusafishia dhahabu kilizinduliwa Mwanza mwezi Juni 2021. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na huyeyushwa katika chungu kidogo ambacho mfuniko wake mtu mmoja anaweza kuuinua. Tanuri la namna hiyo halina taabu ya paa. Taabu huanza tanuri linapokuwa kubwa kama darasa.

Chukueni mfano wa kiwanda cha nondo. Huko huletwa magogo ya chuma ya pembe nne, ambayo wafanyakazi huyaita bileti. Bileti huingizwa katika tanuri, zikapashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi. Haziyeyuki, maana chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Zinalainika tu, zikapitishwa kati ya magurudumu mazito mpaka ziwe nondo ndefu za kujengea. Tanuri nililofanyia kazi lilikuwa na upana wa mita 6 na urefu wa mita 12. Sasa vijana, jiulizeni: shimo la moto la mita 6 kwa 12, ndani yake nyuzi 1,250, mtalifunika kwa nini? Bati litalainika. Zege litapasuka. Hakuna budi kutumia matofali ya kustahimili moto. Lakini tofali ni zito, na halina mikono ya kushikia hewani.

TAO NA MATATIZO YAKE

Jibu la kale ni tao. Matofali yenye umbo la kabari hupangwa kwa kupinda kama mgongo wa kobe, kila moja likabanwa na jirani zake, na yote yakasimama kwa kusukumana. Ni uvumbuzi wa akili kubwa, na kwa tanuri jembamba hadi leo ni mzuri.

Hata hivyo, tao halikai kwa hisani. Linasukuma kuta kwenda nje. Ninyi wa kidato cha nne chukueni kalamu. Tofali letu lina unene wa sentimita 30, na mita moja ya ujazo ya tofali hilo ina uzito wa tani 2.2. Maana yake kila mita ya mraba ya paa ina kilo 660. Kanuni ni hii: zidisha uzito huo kwa upana wa tanuri mara upana, kisha gawanya kwa mara nane ya kina cha pinda. Tanuri lenye upana wa mita 3 na pinda la sentimita 40 litasukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 1,860. Panueni tanuri liwe mita 6 bila kuongeza pinda, nguvu hiyo inapanda hadi kilo 7,400 na zaidi. Upana umekuwa mara mbili, lakini msukumo umekuwa mara nne. Ukiongeza pinda, msukumo unapungua, ila sasa umejenga kuba refu ambalo juu yake moto unacheza bure mbali na chuma unachotaka kukipasha.

Tatizo la pili ni kutanuka. Tofali la udongo wa moto hutanuka kama milimita 5 hadi 6 kwa kila mita likifika joto la kazi. Kwa hiyo tao likipata moto huinuka, na likipoa hushuka. Ilimpasa fundi akae na spana, akilegeza na kukaza fimbo za chuma zinazoshika kuta, kila tanuri linapowashwa na kuzimwa. Akisahau kulegeza, matofali husagana kwenye upande wa ndani, ambao ndio uliolainika kwa moto.

Tatizo la tatu ndilo baya kuliko yote. Katika tao kila tofali linamtegemea jirani. Likichakaa moja katikati na kudondoka, yaliyobaki hayana wa kusukumana naye. Hapo unazima tanuri, unabomoa tao zima, unaanza upya.

KILA TOFALI NA KULABU YAKE

Kina mama wa hapa kwetu wana desturi ya kuning'iniza mahindi ya mbegu darini, juu ya mafiga, ili moshi uyalinde na wadudu. Kila fungu lina kamba yake. Kamba moja ikikatika, fungu moja ndilo linaloanguka, mengine yanabaki palepale. Paa la tanuri la kutundikwa ndilo hilo hilo, ila badala ya mahindi ni matofali, na badala ya kamba ni chuma.

Mapaa haya yalianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20 katika matanuri ya boila kubwa, baadaye yakaingia katika viwanda vya chuma na shaba. Nchini kwetu saruji ilianza kutengenezwa Wazo Hill mwaka 1966, na katika viwanda vya saruji chumba ambamo klinka hupoozwa inapotoka motoni kwa kawaida hufunikwa kwa paa la kutundikwa.

Linajengwa hivi. Juu ya tanuri unasimamisha mihimili na boriti za chuma ambazo hazigusi kuta za tanuri hata kidogo. Kwenye boriti unaangika kulabu. Tofali limefinyangwa likiwa na shingo upande wa juu, na kulabu hushika shingo hiyo. Sisi tulikuwa na matofali 6,000, kila moja lina kilo 8 hivi. Jumlisheni: karibu tani 48 za tofali zikining'inia juu ya moto, bila hata kilo moja kusukuma ukuta.

Mtu atauliza: tofali si dhaifu likivutwa? Ni kweli, tofali hupenda kukandamizwa, halipendi kuvutwa. Lakini hapa kila shingo inabeba kilo 8 tu, mzigo wa tofali lake yenyewe. Shingo ya tofali ina nguvu mara nyingi kuliko hiyo, mradi iwe upande wa baridi.

Maneno haya, "upande wa baridi", ndiyo kiini cha sanaa yote hii. Chini ya tofali kuna nyuzi 1,250. Juu yake, kama hewa inapita vizuri, nilipiga hesabu nikapata nyuzi 270 hivi. Kwa joto hilo chuma cha kawaida kinafanya kazi miaka na miaka. Paa la kutundikwa linatumia vitu viwili vyenye tabia tofauti: tofali, ambalo linaustahimili moto lakini haliwezi kujishika, na chuma, ambacho kinaweza kushika lakini hakiustahimili moto. Kazi ya msanifu ni kuhakikisha kila kimoja kinabaki mahali pake.

Mengine yanafuata kutoka hapo. Kati ya mafungu ya matofali unaacha mapengo ya kutanuka. Kwenye upana wa mita 6 tulihitaji jumla ya milimita 36, karibu upana wa vidole viwili. Wakati wa kujenga unatia vipande vya karatasi ngumu katika mapengo hayo. Vinaungua siku ya kwanza na kuacha nafasi yao kwa tofali linalotanuka. Halafu unachunga msukumo wa moshi ndani ya tanuri, maana ukizidi, miali hupenya kwenye maungio na kulamba kulabu. Na siku ya kuwasha, huna haraka. Unakausha unyevu kwanza, kisha unapandisha joto nyuzi 30 hadi 50 kwa saa, usiku na mchana.

KOSA LANGU

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, nami nilikuwa miongoni mwa walioingia mwanzo. Nilimaliza 1977, na mwaka uliofuata nikaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nondo huko pwani. Nilikuwa na umri wa miaka 25, na kalamu tatu katika mfuko wa shati.

Mkuu wa waashi wa tanuri alikuwa mzee mmoja wa pwani, aliyeishia darasa la nne. Sitamtaja jina, maana hayupo tena kunipa ruhusa. Mzee huyu alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kila usiku, zamu ilipopungua kelele, alipanda ngazi hadi kwenye ubao wa kupitia juu ya paa la tanuri, akaagiza taa za juu zizimwe, akatembea gizani polepole toka mwanzo hadi mwisho. Nilimwuliza anatafuta nini. Akajibu, "Natazama ipi imeona haya, bwana mdogo." Alikuwa akitafuta kulabu iliyowiva. Chuma kikifika nyuzi 550 hivi huanza kuonyesha wekundu hafifu ambao mchana huuoni, gizani unauona. Kulabu nyekundu maana yake ni tofali limekwisha chini yake, au moto unapenya. Kesho yake aliibadilisha.

Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya, na nchi yetu ilikuwa imetoka vitani, fedha za kigeni hakuna. Mafuta mazito ya tanuri yakawa yanakuja kwa kuhesabu. Tuliagizwa kila idara itafute njia ya kubana matumizi. Nikakaa mezani nikapiga hesabu ya joto linalopotea kupitia paa la tanuri. Lilikuwa jingi mno. Stoo tulikuwa na blanketi za nyuzi za udongo, nyeupe na laini kama pamba yetu ya Kishapu, zilizonunuliwa kwa ajili ya milango ya tanuri na kusahauliwa. Nikaona nikitandika sentimita 5 za blanketi hizo juu ya paa lote, joto linalopotea litapungua hadi theluthi moja, nasi tutaokoa karibu lita 500 za mafuta kila siku. Ndugu zangu, katika mwaka ule lita 500 kwa siku zilikuwa sababu ya kupandishwa cheo.

Yule mzee aliniona nikipima blanketi. Akauliza, "Utazitandika wapi?" Nikamwonyesha. Akakaa kimya, kisha akasema: "Bwana mdogo, ukizifunika, mimi nitaziona vipi?"

Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilimcheka. Nilidhani anatetea matembezi yake ya usiku. Nikamweleza kwamba hesabu imepigwa na kukaguliwa. Na kweli hesabu ilikuwa sahihi. Hata leo nikiirudia napata jibu lilelile. Tatizo ni kwamba nilijiuliza swali moja tu: joto litapungua kiasi gani? Sikujiuliza: joto lililozuiwa kutoka litakaa wapi?

Lilikaa kwenye kulabu. Blanketi haliui joto. Linalizuia tu, na kilicho chini ya blanketi hupanda joto kuelekea lile la moto wenyewe. Mahali palipokuwa na nyuzi 270 sasa palikuwa na zaidi ya 900. Na kwa nyuzi 900 chuma cha kawaida hubaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hesabu ya pili ilihitaji mistari minne tu, kwenye karatasi ileile. Sikuiandika.

Wiki ya kwanza mafuta yalipungua kama nilivyosema, na nikapongezwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi. Wiki ya pili na ya tatu vilevile. Wiki ya tano, yapata saa nane za usiku, mzee alipanda juu ya paa. Taa hakuzizima, maana hapakuwa na cha kuona. Aliinua pembe ya blanketi kwa fimbo ili achungulie. Wakati uleule fungu la matofali kama 250, tani mbili nzima, likadondoka ndani ya tanuri, na miali ikatoka kwenye tundu. Alipata kupiga kelele, waliokuwa kwenye milango wakakimbia. Yeye aliungua mguu na mkono wa kulia.

Asubuhi tuliona kulabu. Hazikukatika. Zilikuwa zimelainika na kunyooka taratibu, kama mtu anavyolegeza vidole usingizini. Matofali yaliyobaki, zaidi ya 5,000, yalikuwa yananing'inia palepale. Lingekuwa tao, lingekuja lote, na wale waliokuwa milangoni sijui kama wangepona.

Kamati ya uchunguzi ikaundwa. Siku ya kwanza mtu mmoja alisema kwamba huenda waashi walitundika matofali kizembe. Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeketi mwisho wa meza. Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuiandika ile mistari minne, saa kumi na moja alfajiri, mkono ukitetemeka. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, nyuma ya zile kalamu tatu. Nikanyamaza. Siku ya pili pia nikanyamaza.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda hospitali kumjulia hali. Nilimkuta amefungwa bendeji hadi begani. Nilitaka kuzungumza habari za kamati, nikashindwa. Yeye akaniuliza jambo moja tu: "Tanuri mmelipoza polepole? Msilipoze kwa pupa, yale mazima yatapasuka." Alikuwa bado analisimamia tanuri lake akiwa kitandani, na kule kiwandani kuna watu wanaandika kwamba yeye ndiye mzembe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimpelekea meneja ile karatasi, nikamweleza yote, pamoja na swali la mzee ambalo sikulijibu. Niliandikiwa barua ya onyo, na ahadi ya cheo ikafutika. Halafu nikapewa agizo ambalo wakati ule niliona ni aibu: nitolewe ofisini, nikafanye kazi chini ya waashi mpaka paa litakapokuwa limejengwa upya. Mzee alirudi baada ya wiki saba. Mkono wake wa kulia haukunyooka tena vizuri. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkono wake.

Miezi ile ndiyo iliyonifanya mhandisi. Alinifundisha kugonga kila tofali kwa nyundo ndogo kabla ya kulitundika: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kibovu. Alinifundisha kupitisha kidole kwenye shingo ya tofali, kwa kuwa jicho hudanganywa na vumbi. Hakunisimanga hata mara moja. Nilipomwomba radhi alisema, "Wewe ulifunika ukafunua. Wapo wanaofunika wakazeeka nayo." Kisha akaniagiza nilete matofali mengine.

KWA VIJANA

Miaka mingi baadaye nilisanifu paa jipya la tanuri jingine, na safari hii nililitandika blanketi. Lakini nilirefusha shingo ya tofali, ipite katikati ya blanketi na kutokeza juu, ili chuma kishike shingo huko nje, penye hewa. Joto lilihifadhiwa, kulabu zikabaki zinaonekana. Unaona basi kwamba wazo la kuokoa mafuta halikuwa baya. Lililokosekana lilikuwa sentimita chache za tofali, na masikio ya kumsikiliza mzee wa darasa la nne.

Vijana, ninyi mnasoma katika nchi yenye kazi hii mbele yake. Udongo mweupe wa kaolini uko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Madini ya magnesiti yako Chambogo, wilayani Same. Hivi ni vitu ambavyo dunia inatengenezea matofali ya moto, na katika miaka yangu yote ya kazi nilipokea matofali yaliyokuja kwa meli. Sitaki kuwaambia kwamba kazi ni rahisi. Nawaambia tu kwamba fizikia na kemia mnazozisoma katika darasa lile pale ndizo zinazohitajika, si nyingine.

Tena sisi watu wa Kishapu hatuna haja ya kusimuliwa nini hutokea kitu kilichobeba mzigo kinapoachia. Mwezi Novemba 2022 kingo za bwawa la mabaki la mgodi wa Mwadui zilipasuka, na tope likaingia katika mashamba na makazi ya watu. Kila ukuta, kila kingo, kila boriti inahitaji mtu wa kuitembelea na kuitazama, na anayeitazama anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Nimeulizwa na mwalimu mmoja asubuhi hii: niwaachie vijana kanuni gani moja ya ufundi? Nimefikiri. Kanuni yangu ni kwamba kilichobeba mzigo kisifunikwe. Kiache penye hewa, na jicho likifikie. Kama ni kulabu ya tanuri, basi fundi aweze kuiona usiku taa zikizimwa. Kama ni kosa lako, basi lisilale mfukoni siku mbili huku mwenzako amelala hospitali. Zile siku mbili, ndugu zangu, zinaniuma kuliko ile barua ya onyo, na zaidi ya miaka 40 imepita.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Ndugu Katibu ameniambia kwamba jiko la shule linavuja moshi na wapishi wanalalamika macho. Kabla sijaondoka naomba nipelekwe nikalitazame, na nitashukuru kama vijana wawili au watatu watafuatana nami wakiwa na daftari.